Makato ya uniti Butembo na Beni: mteja hakukubali, lakini ni yeye anayetakiwa kuthibitisha

Motari wa Butembo hutia uniti asubuhi, kabla ya kubeba mteja wa kwanza. Saa sita anaangalia salio na kukuta limepungua, ilhali hajapiga simu hata moja. Kwenye simu yake kuna ujumbe mfupi wa Kifaransa unaomshukuru kwa kujiunga na huduma fulani: habari za mpira, nyota, mistari ya Biblia, wimbo wa kumchezea anayepiga, mchezo wa maswali. Hakumbuki kujiunga. Wengine hucheka, wengine huutukana mtandao, na karibu wote huishia kufanya jambo moja: wanatia uniti zingine, kwa sababu kazi haingoji.

Hakuna mtu anayefunga meza yake ya soko kwenda kumtafuta wakili kwa ajili ya franka mia moja au mia mbili. Anayekata anajua hivyo. Hasara ni ndogo mno kwa mtu mmoja, lakini ikikatwa kila siku, kwa maelfu ya namba, inakuwa mali nyingi upande wa pili.

Nchini Marekani ugomvi wa aina hii, wa watu kukatwa pesa za uanachama ambao wanasema hawakuuomba, uliifanya kampuni ya Amazon ikubali kulipa dola bilioni 2,5 mwezi wa Septemba 2025. Butembo na Beni haufiki hata mlangoni pa tribunal de paix. Tofauti hiyo haitokani na ukimya wa sheria ya Kongo. Sheria ina maneno ya kutosha. Kinachokosekana ni mtu au chombo cha kuibeba kesi, na njia ya kuupata ushahidi ambao wote umelala kwenye mashine za kampuni.

Namna namba inavyoingia kwenye orodha

Njia ni nyingi. Iliyo ya kawaida zaidi ni dirisha linalojitokeza lenyewe kwenye kioo cha simu, hata zile ndogo za vibonye. Linatangaza jambo fulani, na chini yake kuna neno «OK». Mtu aliye barabarani anabonyeza OK ili kioo kifunguke apige simu yake, na mtandao unaandika kwamba amejiunga. Njia nyingine ni tangazo la intaneti. Kwa kuwa mtu anatumia intaneti ya kampuni ya simu yenyewe, namba yake inajulikana tayari, na bei inakatwa moja kwa moja kwenye uniti bila kuulizwa kadi ya benki wala namba ya siri. Kugusa mara moja kunatosha, na katika nyumba nyingi simu ya baba au mama ndiyo kitu cha kuchezea cha mtoto.

Kuna pia namba zilizouzwa upya. Kadi ya SIM iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, kisha namba yake hupewa mtu mwingine. Huduma alizojiunga nazo mwenye namba wa zamani zisipofutwa, mnunuzi mpya anarithi deni la mtu asiyemjua.

Nyuma ya huduma hizo mara nyingi kuna zaidi ya kampuni moja. Mmoja ametengeneza huduma, mwingine anaiunganisha na mitandao, na kampuni ya simu ndiyo inayokata pesa na kubaki na sehemu yake. Mteja akienda kulalamika anaweza kujibiwa kwamba huduma hiyo si ya kampuni, ni ya mshirika. Jibu hilo lina ukweli nusu. Uniti zilikuwa mikononi mwa yule aliyeziuza, na ni yeye aliyezitoa.

Hata hivyo, si kila uniti iliyopotea imechukuliwa bila haki. Aliyekopa uniti usiku hukatwa deni na gharama yake mara tu anapotia zingine. Aliyemaliza forfait ya intaneti bila kuzima data anaendelea kukatwa kwa bei ya kawaida, ambayo ni kali. Simu za kisasa nazo hupakua mambo zenyewe wakati mwenyewe amelala. Yeyote anayetaka kupeleka jambo hili mbele ya hakimu lazima kwanza atenganishe makundi haya, maana wakili wa kampuni atayachanganya kwa makusudi, na faili lililochanganyika huanguka siku ya kwanza.

Beni, jambo hili lina uzito ambao watu wa Kinshasa wanaweza wasiuone. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa mji huo na vijiji vyake wanaishi na mauaji yanayofanywa na ADF. Mkulima anapiga simu kuuliza hali ya njia kabla ya kwenda shambani. Mama anapiga kujua kama mtoto amefika. Anayesikia milio ya risasi usiku hana muda wa kutafuta kabine iliyo wazi ili atie uniti. Salio lililoliwa na huduma ya nyota wakati mwenye simu amelala ni simu ambayo haitapigwa.

RAM, abonema ya lazima

Wakongo wengi walijifunza maana ya kukatwa bila kuulizwa kupitia herufi tatu: RAM, yaani rejista ya vyombo vya simu, Registre des appareils mobiles. Kuanzia Septemba 2020, ARPTC, mamlaka ya usimamizi wa posta na mawasiliano, ilisimamia makato kwenye uniti za kila mwenye simu. Simu ya 2G ilitozwa takriban dola 1 kwa mwaka, na ya 3G au zaidi dola 7. Pesa hizo hazikukatwa kwa mara moja. Zilikatwa vipande sita, dola 0,17 kwa simu ndogo na dola 1,17 kwa simu kubwa. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 2 000, hivyo mwenye simu ya kugusa aliondokewa na franka zaidi ya 2 000 kila kipande kilipopita.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri kwenye karatasi: kuandikisha simu zote, kupambana na simu bandia, kumwezesha aliyeibiwa aombe simu yake ifungwe. Wakosoaji walishika kifungu cha 174 cha Katiba, kinachosema kwamba kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. RAM ilitegemea maamuzi ya wizara, Bunge halikuwa limeipigia kura. Waziri wa posta na mawasiliano wa wakati huo, Augustin Kibassa Maliba, alipohojiwa na wabunge mwezi wa Oktoba 2021, alishikilia kwamba RAM haikuwa kodi, ilikuwa malipo ya huduma.

Utetezi huo haukuchunguzwa vya kutosha. Ukisema pesa fulani ni kodi, swali linakuwa kama Bunge limeiruhusu. Ukisema ni malipo ya huduma, umeingia mwenyewe kwenye uwanja wa mikataba, na swali la kwanza la mkataba ni kama mtu alikubali. Mwenye simu wa Mulekera au wa Kimemi hakujaza fomu ya kuomba huduma ya RAM, na hakukuwa na namba ya kubonyeza ili ajitoe. Kwa maneno ya serikali yenyewe, basi, RAM ilikuwa abonema ambayo nchi nzima iliandikishwa bila kuulizwa.

LUCHA na vikundi vingine vya wananchi viliipinga hadharani, wabunge waliipigia kelele, na mwanzoni mwa 2022 serikali ilitangaza kuikomesha. Wengi waliona ni ushindi, na kwa kweli ulikuwa ushindi wa raia. Lakini tazama namna ulivyopatikana. Ulitoka barabarani na kwenye Baraza la Mawaziri. Kukomeshwa kulihusu makato ya mbele. Jumla ya pesa zilizokusanywa ilibaki jambo la kubishaniwa kati ya wizara na mashirika ya kiraia, na mwenye simu aliyekatwa vipande vyake sita alibaki na uchungu wake na uniti zilizobaki.

Jambo lingine lilibaki, nalo halionekani kwa urahisi: mazoea. Watu walizoea kwamba uniti si mali yao kamili, kwamba kuna mkono unaoweza kuingia mfukoni na kutoka. Makampuni ya huduma za abonema yanafaidika na mazoea hayo hata kama hayakuyaanzisha.

Walimu wanaijua habari hii kupitia mlango mwingine. Mchango wa mutuelle ya afya ya walimu, MESP, hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mwalimu, na katika majimbo kadhaa walimu wamelalamika kwamba wanakatwa huku hawaoni mahali pa kutibiwa karibu nao. Pale kuna uanachama wenye jina zuri na lengo zuri. Ugomvi unabaki ule ule: nani alisema ndiyo.

Sheria iliyoko

Kongo haina utaratibu wa kesi ya kundi kama ule wa Marekani, ambako mtu mmoja anaweza kushtaki kwa niaba ya maelfu waliopata hasara moja. Lakini sheria ya mikataba ipo, na ni ya zamani kuliko simu zote. Agizo la tarehe 30 Julai 1888, ambalo ndilo sehemu ya Code civil, kitabu cha tatu, linaweka katika kifungu cha 8 masharti manne ya mkataba halali. La kwanza ni ridhaa ya yule anayejifunga. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba ridhaa iliyotolewa kwa kukosea, kwa kulazimishwa au kwa kuhadaiwa si ridhaa. Kifungu cha 258 kinamtaka aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake aitengeneze. Na sheria hiyo inamtaka aliyepokea kisichokuwa haki yake akirudishe, awe alijua au hakujua.

Makampuni nayo yana silaha yao kwenye kitabu hicho hicho. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kwa halali ni sheria kwa walioyafanya. Masharti ya kununua kadi ya SIM yamejaa mistari ambayo mteja huhesabiwa kuwa ameikubali siku alipoitia kadi kwenye simu. Hapo mvutano unahamia kwenye neno moja, «kwa halali», na kama dirisha linalojitokeza ghafla kwa lugha ambayo mtu haisomi vizuri linaweza kuzaa makubaliano ya halali.

Juu ya msingi huo wa zamani zimewekwa sheria mpya mbili. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inahusu mawasiliano ya simu na teknolojia mpya. Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 ndiyo Code du numérique, inayogusa mikataba ya kielektroniki, biashara ya mtandaoni na ulinzi wa habari binafsi za mtu. Ya pili ina jambo ambalo wakaaji wa Butembo na Beni hawajalitumia vya kutosha: mtu ana haki ya kujua habari gani zake zinashikiliwa na nani.

Haki hiyo ina thamani kubwa kwa sababu ya kifungu cha 197 cha Code civil. Kinasema anayedai utekelezaji wa wajibu ndiye anayetakiwa kuuthibitisha. Kikisomwa peke yake, kinampa mteja nguvu: kampuni inayosema motari anadaiwa pesa za abonema ithibitishe kwamba alijiunga. Ila uniti zinalipwa kabla. Kampuni haihitaji kumdai mtu, inachukua. Anayebaki na dai ni mteja, na mara tu anapofungua mdomo kudai arudishiwe, mzigo wa ushahidi unamgeukia. Atathibitishaje kwamba hakubonyeza? Hana bili, hana mkataba wenye saini. Ana ujumbe mfupi ambao huenda ameufuta.

Ushahidi wa kweli upo kwenye kumbukumbu za mashine: siku, saa, dakika, na njia iliyotumika kuiandikisha namba. Kama kumbukumbu zinaonyesha namba iliandikishwa saa nane ya usiku, au siku tatu kabla mteja hajainunua, kesi inakuwa na uso mwingine kabisa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kesi yoyote nzito ni kuomba kumbukumbu hizo kwa maandishi. Kudai pesa kunafuata.

Wamarekani walivyofanya

Mnamo Oktoba 2014 kampuni ya simu ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105 kwa sababu ya makato yanayofanana sana na haya ya Kivu: abonema za ujumbe wa nyota, vichekesho na milio ya simu, mara nyingi dola 9,99 kwa mwezi, zilizowekwa kwenye bili za watu waliosema hawakuziomba. Dola milioni 80 kati ya hizo zilitengwa kuwarudishia wateja. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilisema kampuni ilibaki na angalau asilimia 35 ya kila makato. Miezi michache baadaye zilifuata T-Mobile, kwa angalau dola milioni 90, kisha mnamo Mei 2015 Verizon, milioni 90, na Sprint, milioni 68. Ile hoja ya kwamba huduma ni ya mshirika ilikuwa na nguvu kidogo pale mshirika na kampuni walipokuwa wanagawana.

Kesi ya Amazon ilifunguliwa na FTC mwezi wa Juni 2023. Tume ilidai kwamba mamilioni ya watu waliingizwa kwenye uanachama wa Prime bila kukubali wazi, na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa ndefu kusudi. Ndani ya kampuni njia hiyo ya kujitoa iliitwa Iliad, kwa jina la utenzi mrefu wa Wagiriki wa kale kuhusu vita vya Troya. Aliyechagua jina hilo alijua alichokuwa anasema. Mnamo Septemba 2025, siku chache baada ya kesi kuanza kusikilizwa Seattle, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 1 kama adhabu na bilioni 1,5 za kuwarudishia watu wapatao milioni 35, bila kukiri kosa.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hao milioni 35 aliyelazimika kufunga duka lake ili dola zake 51 au pungufu zirudi. Aliyeshtaki ni chombo cha umma chenye mamlaka ya kudai nyaraka za ndani. Nchini Kongo, chombo kinachokaribiana na hicho katika mambo ya simu ni ARPTC. Na hapo panauma, kwa sababu katika RAM msimamizi alikuwa upande wa wanaokata.

Karibu zaidi na Kivu kuna mifano isiyohitaji mabilioni. Nchini Nigeria msimamizi wa mawasiliano aliyalazimisha makampuni kuweka namba moja, 2442, ambayo mteja yeyote huituma neno STOP ili kuzuia jumbe za matangazo, kampuni yake iwe ipi. Nchini Kenya wakili mmoja wa Nairobi, Adrian Kamotho, alizishtaki kampuni za simu mnamo 2019 kuhusu intaneti iliyonunuliwa na kuisha muda kabla ya kutumika. Aliipeleka mbele ya baraza maalum la rufaa za mawasiliano. Oktoba ya mwaka huo Safaricom ilianza kuuza intaneti isiyoisha muda. Kenya ina kifungu cha 46 cha Katiba kinachotaja haki za mnunuzi, na sheria ya ulinzi wa mnunuzi ya 2012. Mkenya mmoja mwenye subira ana pa kushika. Mkongo mmoja mwenye subira ana Code civil ya 1888.

Kutoka Butembo hadi kwa hakimu

Kivu Kaskazini iko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021. Hatua hiyo ilihamisha makosa ya jinai kwenye mahakama za kijeshi. Mteja anayetaka kushtaki kwa wizi wa ujanja, yaani escroquerie ya kifungu cha 98 cha Code pénal, anaweza kujikuta anafikiria oditora ya kijeshi kwa ajili ya uniti, penye mafaili ya mauaji na usaliti. Hakuna sababu ya kwenda huko. Madai ya kurudishiwa pesa na kulipwa fidia ni mambo ya kiraia, na kwa viwango vidogo mlango wake ni tribunal de paix, iliyopo Butembo na iliyopo Beni.

Mlango huo una gharama yake. Anayeshtaki huweka pesa za mwanzo kabla kesi haijaandikwa, na hata kama asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini ili asamehewe, cheti chenyewe kinadai safari na kungoja. Kampuni zina makao yao makuu Kinshasa, na ARPTC pia. Goma, iliyokuwa kitovu cha jimbo, iko mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari 2025, na utawala wa jimbo umehamia Beni. Kwa ajali ya vita, Beni imekuwa mahali ambapo barua ya raia inaweza kufikishwa kwa ofisi ya gavana kwa miguu. Wakaaji wa Butembo, kilomita 54 hivi kusini, wako karibu na uongozi wa jimbo lao kuliko walivyokuwa wakati wa Goma.

Kinachoweza kubadilisha hesabu ni idadi. Butembo ni mji wa vyama. Wamotari wana vyao, wauza mboga wana vyao, wafanyabiashara wana FEC. Sheria haiwaruhusu kushtaki kama kundi moja lisilo na majina, lakini haiwakatazi watu hamsini kuandika barua hamsini zenye maneno mamoja, kila mmoja kwa namba yake, wala kumlipa wakili mmoja kwa pamoja. Wamotari hamsini wa egesho moja, wakiandika kwenye daftari kwa mwezi mmoja tarehe, saa, salio kabla na salio baada, na kuhifadhi ujumbe wa kukaribishwa badala ya kuufuta kwa hasira, wangekuwa na ushahidi ambao mteja mmoja hawezi kuuunda.

Barua yenyewe inapaswa kudai mambo yanayojibika. Namba hii iliandikishwa lini kwenye huduma hii, saa ngapi, kwa njia gani? Nani anaitoa huduma, na kampuni inabaki na sehemu gani ya makato? Imekatwa kiasi gani tangu mwanzo? Pesa zirudishwe lini? Kwenye mwisho wa barua, ombi kwamba namba isiandikishwe tena popote bila mteja kuthibitisha mara mbili: mara ya kwanza anapoomba, mara ya pili anapojibu ujumbe unaomwambia bei. Afrika Kusini utaratibu huo wa kukubali mara mbili unatumika kwa huduma za abonema.

Ujumbe huo wa bei uandikwe pia kwa Kiswahili. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kampuni zinajua kukitumia vizuri zinapotangaza bahati nasibu zao kwenye redio za Butembo. Mama wa soko la Kilokwa asiyesoma Kifaransa anasoma «utakatwa franka 100 kila siku» bila kuhitaji msaada wa mtoto wa shule.

Nakala moja iende kwa kampuni, nyingine kwa ARPTC, ya tatu ibaki na mwandishi ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Kupiga namba ya huduma kwa wateja hakutoshi, maana mazungumzo ya simu hayaachi alama mikononi mwa aliyepiga. Barua inagharimu karatasi, kalamu na safari hadi duka la kampuni. Jibu lake, na hata kutojibiwa, linawekwa kwenye faili nyuma ya daftari la makato, na wakili ataanzia hapo.